Mafunzo kwa vitendo Zanzibar: Unguja au Pemba?

Mwanafunzi wa Nairobi, Kampala, Bujumbura au Moroni anapoandika kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo Zanzibar, mara nyingi anachokusudia ni Unguja, na ndani ya Unguja anakusudia Mjini. Pemba haimjii akilini. Wanafunzi wa Ulaya wanaokuja na Kiswahili chao cha darasani nao ni hivyo hivyo. Siwalaumu, kwani picha zote walizoonyeshwa ni za Unguja. Lakini hivi ni visiwa viwili vikubwa chini ya serikali moja, na kazi atakayopewa mwanafunzi katika kimoja siyo atakayopewa katika kingine. Nimewaona wanafunzi wa pande zote mbili. Wako waliorudi kwao na kazi ya kuonyesha, na wako waliorudi na picha za ufukweni. Kwa ninavyoona mimi, kilichowatofautisha hakikuwa akili wala bidii: baadhi yao walikwenda kisiwa kisicholingana na walichokuja kujifunza.

Msimamo wangu nautoa mapema, ili asiye na muda asihangaike kusoma hadi chini. Kama una wiki chache tu, au fani yako inahitaji taasisi kubwa, korti, hoteli au hospitali ya rufaa, nenda Unguja. Kama una miezi miwili au mitatu, na fani yako inahusu afya ya jamii, kilimo, uvuvi, viumbe au lugha, basi Pemba itakufunza zaidi, nawe uwe tayari kwa taabu zake.

Visiwa vyenyewe

Unguja ina kilomita za mraba 1,660 hivi, Pemba 990 hivi. Sensa ya 2022 ilihesabu Zanzibar nzima watu 1,889,773. Zaidi ya theluthi mbili wanaishi Unguja, na karibu nusu ya Wazanzibari wote wamo katika Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake. Pemba ina miji mitatu ya kutajika: Wete kaskazini, Chake Chake katikati, na Mkoani kusini, inakofika boti ya abiria.

Wizara zote makao yake ni Unguja. Kule Pemba kila wizara ina afisi inayoongozwa na Afisa Mdhamini. Cheo hiki kikariri vizuri, kwa sababu mwanafunzi anayetaka kwenda Pemba asiyekuwa na barua iliyomfikia Afisa Mdhamini wa wizara husika huishia kukaa barazani akisubiri simu ipigwe Unguja. Barua hupelekwa kwa Katibu Mkuu, nakala kwa Afisa Mdhamini. Anayebaki Unguja hana hatua hiyo ya pili.

Afya: hapa ndipo tofauti ilipo kubwa

Wanaoomba kwa wingi ni wanafunzi wa udaktari, uuguzi, maabara na afya ya jamii, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mnazi Mmoja, pale Mjini, ni hospitali ya rufaa na ya kufundishia. Ina idara nyingi, mabingwa, na wagonjwa wanaoletwa kutoka kila pembe, Pemba ikiwemo. Anayetaka kuona upasuaji mgumu, magonjwa ya watoto yaliyoshindikana hospitali za wilaya, au namna rufaa inavyokwenda, hapo ndipo pake. Tatizo ni msongamano wa wanaojifunza. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, wako hapo, wa vyuo vingine vya afya wako hapo, na wageni kutoka nje nao wamo. Kitanda kimoja unaweza kukikuta kimezungukwa na makoti meupe hadi mgonjwa haonekani. Ukiwa mgeni, tena usiyejulikana, utasimama nyuma.

Pemba kuna hospitali ya Abdalla Mzee pale Mkoani, kuna ya Chake Chake, ya Wete na ya Micheweni. Wafanyakazi ni wachache zaidi, na daktari akikuona unafika kila siku saa moja na nusu asubuhi atakushika mkono akufundishe. Utaandika historia ya mgonjwa mwenyewe, utafuatilia dawa, utamwona mama yule yule kuanzia anapokuja kliniki hadi anapojifungua. Ukaribu huu una hatari yake, nami nalisema hili kwa uzito: uchache wa wafanyakazi usikufanye ukubali kazi ambayo kwenu hujaruhusiwa kuifanya. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu hashoni jeraha peke yake kwa kuwa tu foleni ni ndefu. Mgonjwa wa Mkoani ana haki ile ile ya mgonjwa wa Nairobi au Hamburg. Muulize msimamizi wako siku ya kwanza mipaka yako ni ipi, muiandike, na ukisukumwa kuivuka ukatae kwa adabu.

Kwa afya ya jamii na maabara, Pemba sioni mshindani wake. Pale Wawi, karibu na Chake Chake, iko Maabara ya Afya ya Jamii inayobeba jina la Ivo de Carneri, iliyoanza kazi mwaka 2000. Kwa miaka mingi imefanya utafiti wa minyoo, kichocho na maradhi mengine yanayosumbua watu wa shamba. Kichocho cha mkojo kilikuwa janga la watoto Pemba, na leo kisiwa hiki ni miongoni mwa mahali palipopiga hatua kubwa ya kukisukuma kuelekea kutokomezwa. Mwanafunzi anayefika hapo anaona mnyororo wote kwa macho yake. Timu inakwenda skuli, inakusanya mkojo wa watoto, inauchuja na kuhesabu mayai ya vimelea chini ya hadubini. Kisha inashuka kwenye mabwawa na vijito kutafuta konokono wanaobeba ugonjwa, na inarudi kijijini kugawa dawa na kuzungumza na wazee kuhusu choo na maji. Mjini utayasoma haya kwenye ripoti. Pemba utayafanya huku viatu vimejaa tope.

Kwa hiyo ninavyoshauri: tiba ya hospitali kwa wiki chache, Unguja. Uuguzi na ukunga kwa miezi, Pemba. Afya ya jamii, Pemba bila kusitasita.

Bahari, viumbe na mashamba

Anayesoma sayansi ya bahari ana sababu nzuri ya kuanzia Unguja, kwani Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo huku, pale Buyu. Watafiti wapo, maabara ipo, maktaba ipo. Chumbe, hifadhi ya matumbawe inayoendeshwa na watu binafsi tangu miaka ya 1990, iko karibu na Mjini. Hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, ina kima punju, mikoko na nyasi za bahari kwa pamoja.

Lakini Pemba ina jambo ambalo mwanafunzi wa viumbe halipati kwengine. Mkondo kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita, ilhali ule wa Unguja ni wa kina kidogo. Bahari ilipopungua zamani, Unguja iliungana na bara. Pemba ilibaki peke yake. Ndiyo maana Pemba ina popo wake mkubwa wa matunda asiyepatikana mahali pengine duniani, na bundi wake mdogo wa msitu wa Ngezi. Popo huyu aliwahi kukaribia kutoweka kwa kuwindwa, na aliyemrudisha ni wanakijiji wenyewe, pale Kidike na kwengineko, walipokubaliana kumlinda. Kazi ya uhifadhi ya namna hii huifahamu mpaka uende ukakae na watu.

Mwani nao una hadithi ya visiwa viwili. Kilimo chake Zanzibar kilianza mwaka 1989, katika vijiji kama Paje na Jambiani, na akina mama ndio walioubeba mzigo. Miaka ya karibuni maji ya pwani kavu yamezidi joto, na aina ya mwani yenye bei nzuri imekuwa ikioza ikiwa changa. Wengine wameacha, wengine wamejifunza kwenda maji ya kina zaidi, wengine wanatengeneza sabuni. Sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar sasa inatoka Pemba. Kama mada yako ni mabadiliko ya tabianchi na namna watu wanavyohangaika nayo, nenda Paje na Jambiani. Kama ni uzalishaji wenyewe, bei na wanunuzi, nenda vijiji vya pwani ya Pemba.

Karafuu haina mjadala. Nyingi ziko Pemba, mnunuzi kisheria ni mmoja, Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na kiwanda cha mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kipo Wawi. Mwanafunzi wa kilimo au uchumi akija msimu wa mavuno, nusu ya pili ya mwaka, ataona kisiwa kizima kimegeuka: majamvi barabarani, harufu hadi ndani ya gari, watoto na wazee wote wamo shambani. Mwanafunzi wa fani nyingine ajue kwamba msimu huo huo ni mgumu kwake. Ukitaka kuwahoji akina mama kuhusu lishe, hutawakuta nyumbani mpaka magharibi, tena wamechoka. Kwa utafiti wa kilimo wa maabara na vitalu, Kizimbani ya Unguja ndiyo yenye taasisi.

Fani zilizobaki

Utalii na hoteli: Unguja. Nungwi, Kendwa, Matemwe, Kiwengwa, Paje, zote ziko huko, na Pemba hoteli za wageni unaweza kuzihesabu kwa vidole. Ila chunga hili. Msimu wa wageni, kuanzia Juni hadi Septemba na tena mwisho wa mwaka, zipo hoteli zinazompokea mwanafunzi kama mtumishi wa bure, zikamweka miezi mitatu akitandika vitanda. Kabla hujakubali, omba waandike utazunguka idara zipi na kila moja kwa muda gani. Wasiokubali kuandika waache.

Usanifu, historia, uhifadhi wa majengo: Unguja tena. Mji Mkongwe uko katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na baada ya sehemu ya jumba la kale la Beit-el-Ajaib kuporomoka Disemba 2020, suala la namna ya kuokoa majengo ya chokaa na boriti limekuwa la kila siku hapa. Nyaraka za Taifa pale Kilimani ni hazina. Mwanafunzi wa akiolojia, yeye Pemba inamwita: Ras Mkumbuu na Pujini ni magofu yanayohitaji macho zaidi kuliko yanayoyapata.

Sheria, uandishi wa habari, kompyuta, benki: Unguja, na sina la kuongeza.

Lugha ni jambo jingine. Hapa nazungumza na Wajerumani, Wapolandi, Wachina, Wakorea, na pia Mkongomani au Mganda anayetaka kukinyoosha Kiswahili chake. SUZA ina walimu waliozoea wageni, imerithi kazi ya TAKILUKI, iliyokuwa Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, na kwa anayeanza hakuna pazuri zaidi ya Mjini. Lakini ukishaweza kujieleza, Mjini pataanza kukudumaza. Mwenye duka Darajani akiona unababaika atakujibu kwa Kiingereza, tena kwa nia njema. Pemba hilo halitokei. Utakula, utauguza mafua, utaomba njia na utapatana bei kwa Kiswahili, na jioni utakaa barazani usikie lafudhi ambayo kitabu chako hakikuitaja. Anayefuata lahaja ana Micheweni na Kojani huko Pemba, na ana Makunduchi na Tumbatu upande wa Unguja.

Msimamizi

Lau ningelazimishwa kuchagua kipimo kimoja tu, ningeuliza: nani atakaa nami kila siku? Unguja ina wasimamizi wenye shahada kubwa na safari nyingi. Leo yuko Dodoma, kesho semina, keshokutwa nje ya nchi, na mwanafunzi anaachiwa karani. Pemba msimamizi huenda hana jina kubwa, lakini yupo. Mtakutana afisini, sokoni na msikitini au kwenye harusi, naye atajua hata kama umekula.

Dosari ya upande wa Pemba ni karatasi. Chuo chako kikitaka ripoti ya kila wiki kwa mtandao na fomu yenye vipengele ishirini kwa Kiingereza, msimamizi wa Pemba inaweza kumchosha. Mjazie wewe, mkae pamoja aipitie, asaini. Daftari la mafunzo lijaze siku ile ile, usiliache mpaka Ijumaa.

Vibali: sheria moja kwa visiwa vyote

Uhamiaji ni jambo la Muungano, kwa hiyo masharti ya kuingia ni ya Tanzania nzima. Raia wa Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi haombi viza, ila aje na pasipoti. Na kuingia bila viza si ruhusa ya kufanya mafunzo kazini. Vivyo hivyo kwa anayekuja na viza ya kawaida ya dola 50: ile ni ya kutembea, na kujitolea bila malipo nako kunahesabiwa kuwa ni kazi. Taasisi inayokupokea ndiyo inayopaswa kukuongoza kuhusu kibali kinachokufaa, iwe pasi ya muda au ukaazi wa daraja C wanaopewa wanafunzi na watafiti. Anayekwambia «njoo tu, tutamaliza ukifika» unamtaka akuandikie hivyo kwa barua yenye muhuri. Akisita, umeshapata jibu.

Utafiti una kibali chake cha Zanzibar. Kile cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya bara, hakikutoshi hapa, na utafiti unaogusa wagonjwa una kamati yake ya maadili. Anza miezi kabla. Ukiwa Pemba na karatasi moja imepungua, kuifuata Unguja ni kupoteza siku mbili, pesa ya boti na subira yako. Ukiwa Mjini ni daladala moja. Kwa hiyo hata mwanafunzi wa Pemba namshauri akae Unguja siku chache kwanza, amalize kila kitu, ndipo avuke.

Tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Kiwango cha kawaida kilichotangazwa kwa mtu mzima ni dola 44, kwa siku 92. Angalia kiwango kinachohusu uraia wako kabla hujalipa, na kama mafunzo yako yanazidi miezi mitatu, panga mapema. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano, Kenya, Uganda na Kongo zikiwemo, asisahau kadi ya chanjo.

Kufika na kutembea

Unguja unafika kwa ndege kutoka nchi nyingi moja kwa moja, au kwa boti kutoka Dar es Salaam kwa muda wa saa mbili hivi. Mjini daladala ni nyingi. Ya 505 inakupeleka uwanja wa ndege.

Pemba kuna ndege ndogo zinazotua karibu na Chake Chake, nusu saa tu kutoka Unguja, na kuna boti na meli. Ratiba za boti haziko kila siku kama za Dar, na kusi likivuma, katikati ya mwaka, mkondo wa Nungwi unachafuka. Mtu wa Pemba haichukulii bahari ile kwa mzaha. Ilikuwa katika mkondo huo Septemba 2011 Spice Islander ilipozama ikielekea Pemba na kuchukua roho za watu wengi mno. Chombo ukikiona kimejazwa kupita kiasi, usipande, hata kama tiketi umeshalipa. Weka siku moja au mbili za akiba kabla ya safari yako ya kurudi nyumbani.

Nauli za wageni na za wakaazi hazifanani. Ukishapata kibali, tembea na nakala yake, itakupunguzia.

Ndani ya Pemba gari za abiria zinaunganisha miji mitatu mchana. Jua likizama zinapungua sana, na vijijini ni bodaboda au miguu. Kituo chako kikiwa Micheweni na chumba chako kikiwa Chake, hesabu hilo kabla ya kukodi.

Pa kulala na jirani

Mjini Unguja vyumba vipo vya kila aina. Mji Mkongwe ni ghali na una kelele ya wageni. Mimi ningemwelekeza mwanafunzi Kikwajuni, Mpendae, Mombasa (mtaa wa hapa, si mji wa Kenya) au Kiembesamaki, na Tunguu kwa anayefanya kazi karibu na vyuo vikuu. Msimu wa watalii kodi hupanda, na madalali hudai kodi ya miezi mingi kwa mkupuo. Pemba vyumba vya kupanga kwa mwezi mmoja mmoja ni vichache, na wengi huishia kukaa na familia iliyopatikana kupitia taasisi. Kwa bei huwa nafuu. Kwa uhuru, si sana: utaulizwa unakwenda wapi, unarudi lini, mbona hukula. Wako wanaolichoka hilo baada ya wiki mbili, na wako wanaolia siku ya kuondoka. Jijue wewe ni yupi.

Popote utakapokaa, siku za mwanzo nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji hicho, ujitambulishe, ufuatane na mwenyeji wako, na nakala ya pasipoti na barua ya mafunzo. Ni wajibu, na pia ni ulinzi wako. Ukiibiwa, ukiugua usiku au ukitaka kuwahoji watu kijijini, sheha ndiye wa kwanza kuulizwa kama anakujua. Unguja mjini wageni wengi wanaliruka hili na wanapita. Pemba haliruki mtu.

Fedha: Mjini mashine za benki ni nyingi. Pemba zipo Chake na katika miji mingine michache, na siku ambazo mtandao umelala huna la kufanya, kwa hiyo laini ya simu yenye huduma ya pesa isajili ukiwa Unguja. Umeme Pemba unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na tangu hapo hali imekuwa nzuri kuliko zama za majenereta, ila betri ya akiba ibebe.

Mavazi, Ramadhani na jioni

Heshima ni ile ile visiwani kote. Pemba macho ni mengi zaidi na wageni ni wachache. Msichana afunike mabega na magoti na awe na mtandio begani, mvulana asitembee kifua wazi wala kaptura mjini. Mkubwa msalimie kabla ya kumuuliza lolote, na nyumba ya mtu piga hodi, ukikosa jibu mara ya tatu uondoke. Anayekufundisha kazi mwite Maalim au Bi fulani, usikurupuke na jina tupu.

Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupungua, na mchana hakuna anayekula hadharani. Mjini utapata hoteli ya wageni ya kujisitiri. Pemba utapika nyumbani na ule ndani. Mimi naona ni mwezi mzuri wa kuwa hapa, kwa sababu kila nyumba itakualika futari na utajuana na watu kwa wiki moja kuliko kwa mwezi mzima wa kawaida, lakini kwa kazi ya afisini au ya kukusanya takwimu usiupange.

Mkristo atapata makanisa ya zamani Mjini, Mkunazini na Shangani. Pemba yapo machache. Anayetaka muziki na matembezi ya usiku abaki Unguja, Forodhani na vichochoro vyake vinamtosha. Jioni ya Pemba ni baraza, kahawa na kashata, na ukibahatika, mchezo wa ng'ombe kule Kengeja.

Siasa usiziguse upande wowote. Mikutano ya hadhara isiwe mahali pako, wala usipige picha bandari, polisi na kambi.

Mawakala

Unguja imejaa watu wanaouza nafasi za kujitolea kwa wageni, wengine kwa mamia ya dola kwa wiki. Wapo waaminifu wanaokutafutia kibali, chumba na msimamizi wa kweli. Wapo pia wanaokupeleka kituo cha watoto ukacheze nao wiki tatu, kisha anakuja mwingine, na mwingine, na watoto wale wanazoea kupenda na kuachwa. Hiyo siyo mafunzo, na inawaumiza wasiokuwa na sauti. Pemba mawakala ni wachache, kwa hiyo utaandika mwenyewe moja kwa moja, itachukua muda zaidi, na pesa yako itabaki mfukoni.

Kugawa muda

Mwenye miezi mitatu anaweza kupata vyote viwili: wiki mbili Unguja kwa vibali, kujitambulisha wizarani na kuona taasisi, wiki nane Pemba kwa kazi yenyewe, na mbili za mwisho tena Unguja kuandika ripoti na kuiwasilisha. Usigeuze mpangilio huu. Waliojaribu kumalizia Pemba walifika wakati tayari wanahesabu siku za kurudi, na Pemba haimfungukii mtu anayetazama saa.

Kwa majira, Juni hadi Septemba hali ya hewa ni nzuri na bahari ya Pemba ni kali. Unguja ni ghali. Januari na Februari ni joto, bahari imetulia kwa kaskazi, lakini angalia kalenda, kwani kwa miaka hii Ramadhani inaangukia humo. Machi hadi Mei ni masika: vyumba rahisi, njia za shamba hazipitiki.

Barua ya maombi iandike kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, angalau miezi minne kabla. Taja chuo, mwaka wa masomo, tarehe za kuanza na kumaliza, unachokiweza kukifanya tayari, na unachotaka kufundishwa. Ambatanisha barua ya chuo na nakala ya pasipoti. Ukikaa wiki tatu bila jibu, usiandike barua nyingine. Piga simu asubuhi, msalimie anayepokea, muulize hali yake na ya nyumbani, kisha uliza barua yako imefika meza ya nani.